Mtungi wa Kompyuta

Atieno alinipigia simu siku ya Jumanne, nimeinama juu ya beseni nikifua, akaniambia kwamba baba yake, Fundi Odoyo, amefariki na kwamba watamzika Jumamosi nyumbani kwao Kosele. Nilimpa pole, nikamwuliza mama yake anaendeleaje, kisha nikarudi kwenye beseni nikamaliza kufua. Nasema hivi kwa sababu watu hudhani msiba huja na kishindo. Mimi ulinikuta na povu mikononi, na kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa sura ya marehemu, bali mtungi wa udongo kwenye kona ya chumba kimoja mjini Migori, mwaka wa tisini na nane, mipira miwili ya maji ikiwa imeingia mdomoni mwake. Nilifanya kazi na Odoyo kwa miezi isiyotimia mwaka. Miezi hiyo ndiyo iliyonifanya mwalimu, na ndiyo iliyonionyesha kwamba ninaweza kumdhulumu mtu ninayempenda bila hata kupandisha sauti.

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la Bwana Twalib, mfanyabiashara aliyetoka Malindi akafungua duka la simiti, misumari na rangi, halafu akajenga ghala la barafu kule Homa Bay kwa ajili ya wachuuzi wa samaki. Mwaka huo alitaka pia kuwa na chuo cha kompyuta. Alinunua kompyuta moja mpya na taipureta nne, akaniajiri mimi, Robi, msichana wa miaka ishirini na miwili kutoka upande wa Isebania, mwenye cheti cha miezi mitatu na kiburi cha miaka kumi. Paa lilikuwa la mabati matupu, bila dari. Dirisha lilitazama barabara iliyokuwa ikichimbwa, na vumbi jekundu liliingia kama lililoalikwa. Nilifagia asubuhi, nikafagia saa nne, na bado kufikia chakula cha mchana niliweza kuandika jina langu juu ya meza kwa kidole. Kompyuta ilifanya kazi vizuri hadi saa sita hivi. Baada ya hapo mabati yalipata moto, kompyuta ikaganda, na wanafunzi wangu wanane wakabaki wakitazama kioo kisichosogea huku mimi nikiwaeleza kwamba inafikiri.

Feni ya ndani, ile inayopoza prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta, ilikufa mara tatu ndani ya miezi mitano. Kila mara tuliagiza nyingine Nairobi, na kila mara vumbi liliimaliza. Siku feni ya tatu ilipoanza kukwaruza, Odoyo alikuwa dukani akitengeneza friji ya soda. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mwenye shati lililofungwa vifungo vyote hadi shingoni hata jua likiwaka vipi. Alisimama mlangoni na spana mkononi.

"Nyamera, hiyo kitu inalia nini?" akauliza. Aliniita hivyo, dada yangu kwa Kijaluo, tangu siku hiyo hadi mwisho. Mimi ni Mkuria na Kijaluo changu kilikuwa cha kununulia samaki tu, kwa hiyo tuliongea Kiswahili, kila mtu na chake.

"Ni feni, fundi. Hii ni ya tatu."

Alifungua kifuniko, akapitisha kidole ndani, akanionyesha wekundu. "Wewe unaivutisha mavumbi siku mzima halafu unashangaa ikikohoa. Funga hii kitu yote. Joto itolewe na maji."

"Maji ndani ya kompyuta? Unataka nifutwe kazi?"

"Si ndani. Kando ya moto. Kwani kwenu mnapoza uji ya mtoto aje? Si mnaweka bakuli kwa karai ya maji? Mtoto anakunywa uji, hakunywi karai."

Nilicheka, lakini jioni hiyo aliomba karatasi ya mfuko wa simiti akachora. Ninaukumbuka mchoro ule kuliko ninavyokumbuka nyuso za wanafunzi. Kibati cha kopa, yaani shaba nyekundu, kingekaa juu ya prosesa, na juu yake bomba jembamba la friji lililozungushwa kama chapati ya kusokotwa na kulehemiwa hapo. Mpira mmoja ungeleta maji baridi, mwingine ungeondoa maji moto. Pampu ndogo ingeyasukuma. Feni ya nyuma, ile ya kisanduku cha umeme, angeiwekea kipande cha chandarua cha kuzuia vumbi. Yote yalikuwa wazi isipokuwa jambo moja: maji yakishalibeba joto, yaende kulitua wapi? Alichora mstari kutoka kwenye kompyuta, akafika ukingoni mwa karatasi, akaweka alama ya kuuliza.

Alama hiyo ilikaa wiki tatu. Bwana Twalib alipoelezwa alifurahi, akasema barafu anayo tele. "Nitakuleteeni kutoka Homa Bay kila siku, tatizo liko wapi?" Odoyo alikataa, na hapo ndipo nilipoanza kumheshimu, maana watu hawakuwa wakimkatalia Bwana Twalib. Alieleza kwamba maji ya barafu yangefanya mabomba yatoe jasho ndani ya kompyuta, matone yaanguke kwenye nyaya, na mwisho wa mambo uwe siku hiyo hiyo. "Friji nimeshika miaka kumi, mzee. Baridi ikizidi, inalia machozi." Tulifikiria pia rejeta ya gari, lakini rejeta bila feni ni bati tu, na feni tena ni vumbi. Fundi wa redio wa jirani alikuwa akipita dirishani kila asubuhi akiuliza, "Fundi wa friji, mahari ya kompyuta imefika ngapi?"

Jibu lilikuja tukiwa tunakula. Kulikuwa na hoteli ya mama mmoja nyuma ya soko, benchi mbili na meza yenye nailoni ya maua, ambapo tulikula ugali na omena, dagaa wa ziwani, na siku za mwisho wa mwezi tilapia nzima tuliyogawana, yeye akichukua kichwa kwa sababu alidai sijui kukila. Mama alituletea maji kutoka kwenye mtungi wa kona, dapi kama Waluo wanavyouita. Nje lami ilikuwa laini kwa jua. Odoyo alikunywa nusu ya kikombe, kisha akakiweka shavuni. Nilidhani jino linamuuma.

"Nyamera, hii maji nani ameipoza?"

"Si mtungi?"

"Umeme yake iko wapi? Feni yake iko wapi?" Akaacha ugali, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya, akaenda akaushika mtungi kwa viganja vyote viwili. Ulikuwa umelowa nje. "Inatoa jasho yenyewe, nje, haisumbui mtu. Na haiwezi kuwa baridi sana mpaka mabomba ilie. Mama, hii dapi ulinunua kwa nani?"

Leo nikiwasikia vijana wakieleza mitambo yao ya maji ya kupozea kompyuta, taa za rangi ndani na yote yamenunuliwa kwa boksi moja, huwa nasikiliza kwa adabu. Sijawahi kuwaambia kwamba niliwahi kukaa na mtu aliyelishika jawabu kwa mikono yake akiwa na omena mdomoni.

Pampu tuliifuata Homa Bay. Hoteli moja kule ilikuwa na mashine ya jusi iliyoharibika tangi, na ndani yake pampu ndogo nzima, iliyozoea kuzungusha jusi mchana kutwa bila kuchoka. Baada ya kuichukua, Odoyo alinipeleka nyumbani kwake, chumba kimoja cha kukodi si mbali na ziwa, nikamwona mkewe, Mama Atieno, na Atieno mwenyewe akiwa na miaka mitatu, ambaye alimtazama baba yake kwa muda mrefu kabla ya kumkaribia. Odoyo alikuwa ametafuta kazi Migori tangu vyumba vya baridi alivyokuwa akivihudumia vilipouzwa. Tulikula mbuta wa mchuzi, na alipotoka kwenda kunawa mikono, mama aliniuliza bila kuzunguka, "Huyu Mwarabu wenu atampatia kazi huku?" Bwana Twalib hakuwa Mwarabu, lakini sikumrekebisha. Nilisema sijui. "Kama angepata hapa, mtoto angemjua," akasema, akaniongeza samaki.

Wiki iliyofuata nilijua. Kati ya chumba changu na ofisi ya Bwana Twalib palikuwa na ukuta wa plaiwudi, na yeye alipoongea kwa simu aliongea kama mtu anayeita ng'ambo ya mto. Alikuwa akizungumza na nduguye. "Siku ya wageni nawaita walimu wakuu na wazazi, waone chuo. Huo mtambo wa Odoyo ukiifanya kompyuta isizime mpaka siku hiyo ipite, basi ghala la Homa Bay namkabidhi yeye, mashine zote. Na binti namwajiri kabisa. Ukishindwa, nafunga chumba naweka simiti." Nilimwambia Odoyo neno kwa neno. Hakuruka. Alisema, "Basi tupime tena," na akaanza upya.

Kupima kwake kulikuwa ugonjwa. Kila kiungo alikipaka povu la sabuni akatazama kama kuna kiputo. Kisha aliendesha maji siku tatu kompyuta ikiwa imezimwa, karatasi ya kaki imetandikwa chini ya kila kitu, na kila jioni tuliinua karatasi kutafuta alama ya tone. Hatukuona. Mtungi aliununua mwenyewe, wa lita ishirini, akauweka kwenye kona juu ya mchanga uliolowa. Mpira wa kuvuta maji aliuishiza shibiri moja juu ya kitako, ili usinyonye mashapo, na ndani ya mtungi, juu kidogo ya ncha ya mpira, akakwaruza mstari kwa msumari. "Maji isishuke hapa," aliniambia. "Ikishuka, pampu inakunywa hewa, na hewa haibebi joto. Kila asubuhi jaza." Tulitumia maji ya mvua niliyoyachemsha na kuyachuja, ili bomba lisishike magadi. Yalikuwa maji safi kuliko niliyokunywa mimi.

Mtambo ulifanya kazi. Nataka hilo liandikwe mahali. Saa nane mchana, mabati yakilia kwa joto, nilishika mpira wa kutoka ukawa vuguvugu, nikashika wa kuingia ukawa baridi, na kompyuta ikaendelea kuandika barua za wateja waliotoka Uriri kana kwamba ni alfajiri. Ulifanya kazi siku arobaini na moja. Nilizihesabu kwa alama kwenye ukuta. Hata fundi wa redio aliingia akashika mpira, akatoka bila mzaha.

Siku ya wageni ilikuwa Ijumaa ya jua kali. Odoyo hakuwepo, Bwana Twalib alikuwa ameshaanza kumwonjesha kazi, amemtuma Homa Bay akaangalie kompresa ya ghala. Maji ya mvua yalikuwa yamekwisha na mfereji wa mji ulikuwa umekauka siku mbili, nami sikuwa nimejaza mtungi kwa siku hizo mbili. Nilijua. Nilijiambia maji yangerudi mchana. Wageni walifika zaidi ya thelathini, wengine wametembea kutoka mbali, na dumu letu la maji ya kunywa likaisha kabla hata hotuba hazijaanza. Ndipo mama mmoja mzee, aliyekuja na mjukuu wake kuona kama angesajiliwa, akaketi karibu na kona, akaona mtungi, akaona kikombe nilichokuwa nikijazia, akaniambia, "Nisaidie na maji, mwanangu."

Nimelitafakari jambo hili miaka mingi na bado sijui ningesema nini. Kwetu na kwao ni mamoja: mtungi ukiwa kwenye kona, umefunikwa, una kikombe juu yake, ni wa kila aingiaye. Ungemwambiaje bibi mwenye vumbi hadi magotini kwamba maji yale ni ya mashine? Nilimchotea. Alikunywa akashusha pumzi, akasema maji matamu. Wa pili akanyoosha mkono, na wa tatu, na mwalimu mkuu mmoja akaomba mara mbili. Bwana Twalib alipita akanitikisia kichwa kwa furaha, maana mgeni kwake alikuwa mgeni kwelikweli. Nami, wacha niseme ukweli, nilipenda. Nilipenda kuitwa mwalimu nikigawa maji baridi. Niliona mstari wa msumari umekaribia, nikasema kikombe kimoja tu. Halafu nikaitwa mbele kueleza faida za kompyuta, na nikaeleza kwa muda mrefu.

Wageni walikwisha kuondoka, wameridhika, nilipoisikia pampu. Ilikuwa ikikoroma. Kwenye mipira kulikuwa na viputo vikubwa vilivyosimama, kioo kilikuwa cheusi, na palikuwa na harufu ya plastiki iliyoungua. Nilizima kila kitu. Nikafunua mtungi nikaona maji chini ya ncha ya mpira, kidole kizima. Nilichofanya baadaye hakikuchukua hata nusu saa. Nilitoka barabarani, nikamsimamisha mwenye mkokoteni wa maji, nikanunua dumu moja, nikaujaza mtungi hadi shingoni, nikafuta sakafu. Nilijiambia kwamba nimejaza kwa sababu ndiyo kazi yangu.

Odoyo alirudi kesho yake asubuhi. Prosesa ilikuwa imekufa kabisa. Alichuchumaa, akatazama vile viputo, akapaka sabuni kiungo kimoja baada ya kingine, na hakuna kilichotoa povu. Akafungua kibati cha kopa, akakipuliza kwa mdomo, akakichovya kwenye karai. Kilikuwa kizima. Bwana Twalib alisimama nyuma yake na tasbihi mkononi.

"Hewa imeingia," Odoyo akasema. "Lakini sioni imeingilia wapi." Kisha akageuka akanitazama, bila ubaya wowote, fundi akimwuliza mwenzake. "Nyamera, jana maji ilikuwa imejaa?"

"Ilikuwa imejaa," nikasema.

Hakuuliza tena. Aliniamini, na hilo ndilo lililomwangusha. Bwana Twalib hakufoka. Alisema, "Fundi, mimi nilikuamini, lakini ghala langu siwezi kulitia kwenye majaribio," na ghala likapewa mtu kutoka Kisumu. Mimi sikufutwa, kwa sababu walimu wakuu walikuwa wamefurahi na wanafunzi wakaja; Bwana Twalib aliagiza prosesa nyingine, akapiga dari, akahamishia chuo upande usio na barabara. Odoyo alifunga spana zake kwenye gunia. Mlangoni aliniambia nisisahau kufagia nyuma ya kompyuta. Alirudi Kosele akawa akitengeneza redio, baiskeli na friji moja moja za madukani. Mara moja, miaka kadhaa baadaye, nilimwona kwa mbali sokoni Homa Bay, nikaingia kwenye kibanda cha nguo nikajifanya nachagua khanga hadi alipopita. Nilifundisha kompyuta miaka ishirini na minne. Kila mwaka nilisema mwaka huu nitakwenda.

Basi nilikwenda Jumamosi. Kaburi lilifunikwa, wageni wakala wali na nyama chini ya hema, na Mama Atieno, amezeeka na kukonda, akanishika mkono akanipeleka ndani ya nyumba pamoja na bintiye. Atieno, sasa mama wa watoto wawili, alitoa daftari la shule lililokunjika pembe. "Auntie, labda wewe utatuambia hii ni nini. Baba alikuwa anaichora tu. Hata hospitali alienda nayo."

Nilifungua. Ukurasa wa kwanza ulikuwa kibati cha kopa, pampu, mipira miwili na mtungi. Ukurasa wa pili ulikuwa hivyo hivyo, na wa tatu, na wa ishirini, wino wa buluu, penseli, wino mwekundu, mkono ukianza kutetemeka kuelekea mwisho. Kila mchoro ulikuwa na duara dogo mahali tofauti, kwenye kiungo hiki au kile, na kando yake ameandika: *hapa?* Alikuwa amejaribu kila mahali. Mtungi peke yake hakuwahi kuuwekea duara, kwa sababu mimi nilimwambia umejaa.

Niliwaambia. Nilianza na bibi aliyeomba maji, na sikuruka mkokoteni wala neno nililosema asubuhi ile. Nilikuwa na kiu, na niliona haya hata kuomba maji. Nilipomaliza, Mama Atieno hakulia wala hakuniondolea macho.

"Kwa hivyo ilikuwa inafanya?"

"Ilikuwa inafanya, mama. Haikuwa na makosa."

"Na hii miaka yote alikuwa anatafuta."

"Ndiyo."

Alilichukua daftari magotini mwangu, akalifunga, akalipapasa jalada kwa kiganja kama mtu anayetandaza kitambaa kisichotaka kunyooka.

"Si ungemwambia tu," akasema.